Viganja Vyeupe vya Papa Kyabu

Kwa muda mrefu nimejiuliza: mpigaji anapopiga ngoma ya maombi, je, imani ndiyo inayouongoza mkono, au mkono ndio unaoitafuta imani? Aliyeniingiza katika swali hili, Papa Kyabu Urbain, anastaafu tarehe 31 Mei, baada ya kukitumikia kituo chetu cha muziki hapa Kamina kwa miaka thelathini na mmoja.

Aliajiriwa kulinda lango. Asubuhi moja baada ya mvua, mkurugenzi alimkuta ameziweka ngoma zetu karibu na moto ngozi zikauke, akizigeuza taratibu kama mtu achomaye mahindi. Wiki ileile akabadilishiwa kazi, akawa mtunzaji na mpigaji wa ngoma. Tangu hapo ngoma zimetunzwa kuliko sisi: katika safari za Kaniama zilipanda pikipiki ya kwanza, naye akasubiri ya pili.

Ngoma kubwa aliirithi kwa mjomba wake, aliyewapigia mizimu wa ukoo. Mjomba hakuigusa kabla ya kuipaka pemba, udongo mweupe wa baraka. Papa Kyabu, Mkatoliki asiyekosa misa, aliidumisha desturi hiyo.

Huko Kabongo alipofariki mama wa ukoo mkubwa, Papa Kyabu akaitwa kupiga ngoma mazishini, nusu ya familia ilikataa pemba mbele ya msalaba. Nusu nyingine ikakataa kubeba jeneza bila pemba. Jua likapanda, jeneza bado liko uani. Papa Kyabu alijipaka pemba viganjani, akafanya ishara ya msalaba, akasimama mbele ya ngoma.

“Pemba iko,” akasema shangazi wa marehemu.

“Ku ngoma haiko,” akajibu katekista Matthias.

Wote wawili wakaridhika, wakabeba. Alama za viganja zilipotokea kwenye ngozi ya ngoma, hakuna aliyezitaja.

Sasa ngoma hiyo inapokewa na Lucienne Mbelu, mwanafunzi wake, ambaye kanisa lake la maombi halitaki hata kusikia pemba ikitajwa. Alipokabidhiwa aliuliza kwa sauti ndogo: “Papa, na pemba?”

“Ngoma njo nakuachia, mama. Mikono iko ya kwako.”

Je, aliiheshimu imani ya Lucienne, au aliifunga njia ya mjomba wake? Nilimwuliza, akaniagizia chai. Siwezi kuhitimisha, kwani mimi sijawahi kusimama mbele ya ngoma huku jeneza likingoja.

Asante, Papa Kyabu. Pumzika vyema, na siku Lucienne atakapoipiga, uwe karibu usikilize.