Aliyeishusha Saa ya Wodi

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake mama, familia imenipa mimi, binti yake wa kwanza, kazi ya kusoma historia hii, nami naisoma nimesimama, ingawa mjomba ameniletea kiti mara mbili, kwa kuwa tangu Jumanne kwangu hapakaliki.

Mama yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akaanza shule ya msingi Januari 1969, akamaliza sekondari mwaka 1980, na ripoti zake zote zilisema ana akili ila hatulii, jambo ambalo sisi wa nyumbani tunaliapia, maana aliweza kuosha tena vikombe vilivyo safi kwa sababu tu mikono ilikuwa imekaa bure. Alisomea ukunga, akaajiriwa wodi ya wazazi tarehe 2 Januari 1985, na tarehe 10 Juni 1989 akafunga ndoa na baba yetu, fundi saa.

Mimi nilizaliwa tarehe 19 Agosti 1991. Mama alikuwa mnene sana, presha ikapanda, akaanzishiwa uchungu, na baada ya saa kumi na mbili za uchungu daktari akatazama saa ya ukutani, akasema huyu amechelewa, akampeleka kupasuliwa, ingawa moyo wangu ulikuwa ukidunda vizuri, na kidonda kile kilikaa wazi miezi minne.

Aliporudi kazini, kila alipoletwa mama mnene wa kuanzishiwa uchungu, alipanda kiti, akaishusha saa ya ukutani, akaifungia kabatini, akabaki na yake ya mkononi, na madaktari waliponung'unika aliwaambia mwili mkubwa huchelewa kuamka lakini huamka, maadamu mama na mtoto wako salama tungoje. Mkanda wa mashine ya kusikiliza moyo wa mtoto haukutosha matumbo yale, hivyo aliishikilia mashine kwa mkono, kwa muda wa saa tano, hata saba, bila kuhama, yeye ambaye nyumbani hakuwahi kumaliza chai akiwa amekaa. Wapo waliohitaji kisu kweli, na hao aliwakimbiza mwenyewe. Baba alilalamika kwamba yeye anatengeneza saa, mkewe anazificha, sasa nyumba itajengwa na nani. Mdogo wangu alizaliwa tarehe 3 Mei 1996, baada ya siku mbili za uchungu, bila kisu, wenzake mama wakiwa wamemshushia saa.

Alistaafu mwaka 2021, moyo ukaanza kumsumbua Februari 2024, akalazwa mara tatu, akafariki Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa nne asubuhi.

Macho mnayo, nisiwafiche. Umbo nimerithi kwake, na Jumatatu saa moja asubuhi naingia wodi ileile kuanzishiwa uchungu, na aliyeahidi kunishikia mashine ndiye huyu tunayemzika. Naogopa.

Tunawashukuru madaktari waliomtibu, majirani mliotupikia na kufagia uwanja huu bila kuombwa, na wakunga mliomwosha na kumvalisha, ila kwenu wakunga nina ombi, Jumatatu nikifika, kabla sijapanda kitanda, mmoja wenu apande kiti aishushe saa.

Mama, mikono yako imefanya kazi ya kutosha, sasa itulie, pumzika kwa amani.