Joto la Bei Rahisi

Kijiwe chetu hakina kona. Kona za Downsview mwezi wa pili zimejaa barafu, na mtu akisimama pale kubishana, yeye atarudi nyumbani lakini masikio yatabaki. Kwa hiyo tulihamia ndani, kwenye benchi refu katika duka la kufulia nguo la Ehsan, mkabala na mashine za kukaushia, ambako joto linatufikia miguuni bila malipo. Ehsan hatufukuzi. Ana sharti moja tu: muda wote tuliokaa, lazima mashine mojawapo iwe inazungusha nguo za mmoja wetu. Ndiyo maana sisi ndio wanaume wenye taulo safi kuliko wote Kanada. Kahawa anakuja nayo Mervyn kutoka Mississauga, kwenye chupa ambayo mkewe, Rosy, ameitia tangawizi. Mervyn ni Mgoa wa Nairobi, mstaafu, na jina lake hapa ni Dirisha, sababu utaisikia. Aziz wa Tanga, dereva wa lori, tunamwita Waziri kwa kuwa hajawahi kuulizwa jambo akasema hajui. Mimi naitwa Pasipoti. Nimeishi nchi saba, na wenzangu wanasema kote huko nilirudi na mihuri tu. Wa nne ni Nyakundi, anaitwa Swichi, na Alhamisi hiyo aligoma kukaa.

Alikuwa anatoka kwenye benchi hadi kwenye mashine, kutoka kwenye mashine hadi mlangoni, anachungulia maegesho, anarudi. Kila akifungua mlango, baridi inaingia kama mtu mwenye deni lake. Ndani ya mashine zilikuwa zinazunguka sare za mkewe, Winfred, ambaye ni nesi. Winfred mwenyewe hakuwepo. Jumapili alikuwa amefunga sanduku, akasema amechoka kulala na koti, akaenda kwa mdogo wake Abigael kule Markham. Sasa Abigael ametuma ujumbe: natoka kazini, napitia sare za dada.

— Kaa chini, Swichi. Unatutia kizunguzungu kuliko hiyo mashine — alisema Waziri.

— Sikai. Huyo msichana anafika saa yoyote, na lazima arudi Markham na neno. Nataka amwambie Winnie nimebadilisha mpango wa stima. Sasa nyinyi niambieni, nichukue upi?

Nieleze kidogo kwa wasioishi huku. Mteja wa umeme hapa anaachiwa achague. Kuna mpango wa bei iliyosimama, usiojali kama ni asubuhi au jioni. Kuna mpango wa bei inayocheza na saa. Swichi alikuwa amechagua ule unaocheza kuliko yote: usiku umeme ni kama wa kuokota, jioni ni kama unachoma noti. Na nyumba yao inapata joto kwa hita za umeme zilizopigiliwa chini ya kuta. Basi akazitega ziwake zenyewe saa tano usiku na zizime saa moja asubuhi. Mchana kutwa marufuku kugusa kitufe.

— Hiyo saa tano ni ya Kiswahili au ya Kanada? — aliuliza Dirisha.

— Ya usiku, Dirisha. Usiku!

— Nauliza tu, bana. Kuna mwaka nilifika uwanja wa ndege kabla ya ndege kununuliwa.

Waziri akaweka kikombe chini. Tukajua anataka kuhutubia.

— Mimi nasema rudi kwenye bei iliyosimama. Bei iliyosimama ni kama mke wa ndoa, kaka. Umemzoea, amekuzoea. Hii inayocheza leo iko hivi, kesho iko vile...

— Huo mfano usimpe Abigael — nikasema.

— Hata mimi siutaki — alisema Swichi. — Na hiyo ya kusimama ni mtego. Muulize Dirisha.

Dirisha akavuta pumzi. Habari hii ameisimulia mara nyingi, na kila mara anaisimulia kama ameibiwa jana.

— Ilikuwa gesi, si stima. Kijana alinipigia simu, sauti tamu, akasema mzee, tukufungie bei, haitabadilika mpaka mkataba uishe. Nikasema, sasa hayo ndiyo maneno. Kama haibadiliki, haibadiliki! Rosy anapenda hewa. Nikafungua madirisha.

— Mwezi gani? — aliuliza Waziri, ambaye anajua.

— Januari.

— Yote?

— Moja la choo nilifunga.

— Na bei ikabadilika?

— Aré, bei ilikaa vilevile! Ni bili iliyopanda mpaka Rosy akavaa miwani mara mbili. Nikapiga simu, nikafoka kwa Kiingereza cha mkoloni. Kijana akaniambia, mzee, sisi tulifunga bei. Madirisha ulitakiwa kufunga wewe.

— Usipoziba ufa, utajenga ukuta — alisema Waziri.

Tukamtazama. Methali ilikuwa imeingia mahali pake barabara. Hata yeye alishtuka, akanywa kahawa haraka.

Nje mtambo wa kusukuma theluji ulipita ukikwaruza lami. Swichi akakimbilia mlangoni akidhani ni gari la Abigael.

— Ni kijiko cha theluji, rudi — nikamwambia. — Sikilizeni. Nilipokuwa Aberdeen...

— Ameanza! — walisema wote.

— Nilipokuwa Aberdeen, mwenye nyumba wangu alikuwa na hita zenye matofali ndani. Usiku umeme rahisi unayachemsha, mchana yanatema joto polepole. Sasa, Swichi, hita zako ni za kawaida. Lakini matofali yanauzwa. Yapange mbele ya hita usiku. Asubuhi Winnie akirudi kazini, unamwekea mawili kitandani, umeyafunga kwa taulo.

Swichi akasimama palepale.

— Bibi yangu alale na tofali?

— Mawili. Moja miguuni.

— Pasipoti, huyu mtu ameenda Markham kwa sababu ya baridi. Nikimwekea tofali kitandani ataenda kwao Kisii, na atafika kabla ya hilo tofali kupoa.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame — alisema Waziri.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Hita si ziko chini? Sasa nyamazeni niwaambie kitu kikubwa. Ile mita ya nje ina akili. Inakusoma. Wewe unawasha saa ileile, unazima saa ileile, kila siku, kama askari. Mita inajua: huyu mtu anahesabu. Na kampuni ikijua mtu anahesabu, inasogeza bei. Dawa ni kuichanganya. Washa birika saa tisa mchana bila sababu. Washa pasi, usipige nguo. Zima taa, washa feni.

— Feni mwezi wa pili?

— Ndiyo hapo mita itachanganyikiwa!

— Mita ama Winnie? — aliuliza Dirisha.

Ehsan alipita na ufagio, akatazama mashine yetu kama bado inazunguka, akatikisa kichwa, akaendelea. Kiswahili hakijui, lakini nadhani feni aliielewa.

Waziri hakuwa amemaliza. Mtu akishazoea lori la magurudumu kumi na nane, hasimami ghafla.

— Na kama mita haichanganyikiwi, basi hameni saa. Saa zote za nyumbani zirudisheni Nairobi. Hapa usiku wa manane, kule asubuhi watu wanakunywa chai. Mnaamka, mnapika, mnafua, mnaoga, umeme wa bure. Jua likitoka hapa, nyinyi mnalala.

— Kwani tunaishi aje, Waziri? — Swichi alikuwa anapiga kiganja kwa ngumi. — Winnie hufanya usiku miaka yote. Hurudi saa mbili asubuhi. Na mimi tangu Oktoba pale ghalani wamenitupa usiku. Ndiyo nilichukua huu mpango! Si mnakumbuka? Nilikuja hapa hapa nikasema, sisi wawili ni watu wa usiku, wacha tuchukue stima ya usiku.

Tulikumbuka. Hoja ilikuwa nzito na tulimpongeza. Waziri alisema hiyo ndiyo akili ya mtu aliyesoma. Dirisha alimmiminia kikombe cha pili. Mimi, nakumbuka, nilisema hata Ulaya wanafanya hivyo.

— Mpango ni mzuri — alisema Dirisha kwa upole. — Shida ni Winfred hajauelewa.

— Ameuelewa! Nilimchorea mchoro. Nikaubandika kwenye friji. Anaangalia mchoro, anavaa soksi ya pili, hasemi kitu. Afadhali angefoka. — Akaketi, kwa mara ya kwanza tangu tufike, kwenye ukingo wa benchi, goti linaruka. — Amebeba lile blanketi kubwa. La harusi. Mtu wa kurudi Jumatatu habebi blanketi la harusi. Jana nimerudi kazini, nikapika uji wa watu wawili, nikala wote nimesimama. Nyumba haina hata mtu wa kuniambia nimeuharibu.

Waziri alitafuta methali, nikamwona anatafuta, akakosa hata moja ya babu zake. Dirisha akamimina kahawa iliyobaki, nusu kikombe, akampa Swichi. Swichi akakishika, hakunywa, akainuka tena.

Mlango ukafunguka. Abigael aliingia akikung'uta theluji kwenye buti, shali mpaka puani, kitambulisho cha ofisi bado kinaning'inia shingoni. Ni mara ya kwanza tunamwona. Alitutazama mmoja mmoja, kama mtu aliyesimuliwa juu ya wanyama fulani, na sasa amefika mbugani.

— Habari zenu, wazee.

— Nzuri, mama, karibu — alisema Waziri. — Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Shem Nyakundi, nguo ziko tayari? Nimeacha gari ikinguruma.

— Dakika mbili zimebaki. Abi, sikiliza. Mwambie dada yako nabadilisha mpango. Nitachukua bei ya kusimama. Ama nibaki na hii ya usiku, lakini niwe nawasha birika...

— Bila sababu — alisaidia Waziri.

— Au matofali — nikasema mimi. Sijui kwa nini nilisema.

— Na dirisha, ufunge — alisema Dirisha.

Abigael akafungua shali. Hakuonyesha hasira, alikuwa na uso wa mtu wa kutafuta hitilafu kwenye kompyuta za watu, ambayo nadhani ndiyo kazi yake.

— Mimi hayo mambo ya bei siyajui, shem. Nieleze pole pole. Hita zinawaka usiku.

— Usiku, ndiyo.

— Usiku Winnie yuko hospitali.

— Ndiyo.

— Na wewe uko ghalani.

— Ndiyo.

— Sasa hiyo nyumba ikishapata joto, ndani kuna nani?

Mashine ilizunguka. Kifungo cha sare kiligonga chuma, kikagonga tena. Nilijaribu kukumbuka kama kuna nchi yoyote kati ya zile saba iliyo na jibu.

— Mna mimea? — aliuliza Dirisha taratibu.

— Hatuna mimea.

— Paka?

— Hatuna paka, Dirisha.

Mashine ikalia, ikasimama. Abigael alifungua mlango wake, akazitoa sare moja moja zikiwa na mvuke, akazikunja, akazitia kwenye mfuko. Swichi alikuwa ameganda katikati ya sakafu na kikombe mkononi. Yule mtu aliyetutia kizunguzungu mchana kutwa, sasa usingemtofautisha na nguzo.

— Haya — alisema Abigael, mfuko begani. — Nampelekea, ama?

— Ameamka?

— Ameamka. Leo amelala mpaka saa nane. Nilipita nyumbani mchana nikadhani ni mgonjwa, nikamgusa paji la uso. Alikuwa na usingizi tu.

Swichi alilimeza hilo kabla ya kahawa.

— Mwambie...

— Mwambie wewe, shem. Mimi si mita.

Swichi akatoa simu. Tulijifanya hatusikilizi, kazi ambayo hatuna kipaji nayo.

— Winnie... Eh, amefika. Yuko hapa... Hapana, si mambo ya bei... Nilikuwa nataka kukuuliza. Wewe ukitoka kazini, unalala kutoka saa ngapi mpaka saa ngapi?... Sio mtego. Nauliza tu... Najua tumekaa miaka. Sijui, ndiyo maana nauliza.

Akasikiliza. Alisikiliza kwa muda mrefu, mgongo kwetu, paji la uso limeegemea kioo cha mashine iliyokuwa bado ina joto. Sauti ya Winfred ilitufikia kama nyuki ndani ya kopo; ilipanda, ikashuka, ikapanda.

— Eh... Eh... Mpaka vidole?... Haukuniambia... Sawa, uliniambia.

Akainua kichwa kutoka kwenye kioo.

— Basi mchana. Mchana kutwa... Hata jioni, Winnie. Hata iwe bei gani... Hapana, mchoro natoa. Ule wote natoa.

Abigael alishusha mfuko begani, akauweka kwenye benchi kati yangu na Dirisha. Akakaa kando yake, akavua glavu, akanyoosha miguu kuelekea mashine. Gari lake nje lilikuwa bado linanguruma na hakuonekana kulikumbuka.

Swichi akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini mdomo ulikuwa unapigania kutabasamu. Akafunika simu kwa kiganja.

— Anauliza kitu.

— Aulize, aulize! — alisema Waziri kwa bashasha.

— Anauliza, kati yenu ni nani aliyeniambia huu mpango ni mzuri.

Waziri aliinama kufunga kamba za viatu ambavyo havina kamba. Dirisha akaweka kiganja nyuma ya sikio, akaniuliza mimi huyo mtu anasema nini, kwa sababu kuanzia dakika hiyo alikuwa amezibika masikio yote mawili. Nami nikachukua chupa ya kahawa, nikaiinamisha juu ya kikombe changu, nikaitikisa. Halikutoka hata tone. Nikaendelea kuiinamisha.