Maisha ya Katarina Tluway, Aliyesema Urani Isiuzwe

Jumanne tarehe 14 Machi 1972, saa kumi na moja alfajiri, hapa Rhotia, wakati huo ikiwa bado Wilaya ya Mbulu, alizaliwa mtoto wa kwanza wa Mzee Simon Tluway na Mama Bibiana, akabatizwa Katarina, na miaka miwili baadaye akazaliwa mdogo wake, Brigita, ambaye tangu alipojua kusema alitaka kikombe alichoshika dada yake, hata kama kilikuwa kitupu.

Katarina alisoma Shule ya Msingi Rhotia kuanzia mwaka 1980 hadi 1986, akamaliza kidato cha sita mwaka 1993, na mwaka 1997 akahitimu shahada ya fizikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilhali Brigita, aliyekuwa wa pili katika darasa lake, alibaki shambani kwa sababu baba yao alisema lazima mmoja abaki na ng'ombe, neno ambalo Brigita hakulimeza.

Tarehe 2 Novemba 1998 Katarina aliajiriwa serikalini, Arusha, katika udhibiti wa mionzi. Hakuolewa wala hakujaliwa mtoto, lakini Angela, binti wa Brigita, ambaye ndiye anayewasomea, alimfuata mama yake mkubwa hadi kwenye fizikia, na siku alipotangaza hivyo Brigita aliweka mwiko chini akamwambia dada yake, "Hata huyu umenichukulia."

Mwaka 2018 Katarina alikuwa miongoni mwa wataalamu walioombwa ushauri kuhusu kuiuzia urani nchi iliyokataa kukaguliwa kama inatengeneza mabomu ya nyuklia, wenzake wakashauri iuzwe kwa maslahi ya taifa, yeye peke yake akaandika kwamba hakuna taifa lenye haki ya kujinufaisha kwa kitu kinachoweza kuua wanadamu wote, na tangu hapo hakuitwa tena kwenye vikao hivyo. Krismasi ile, mezani hapa nyumbani, Brigita alimuuliza, "Zahanati yetu haina dawa, wewe unawalinda watu wa wapi?"

"Wakipigana huko kwa mabomu hayo, moshi utaziba jua, na ngano yako hii haitakomaa."

"Basi dunia nzima ni ndugu zako, isipokuwa mimi ninayemgeuza mama kitandani."

Marehemu akainuka akaenda kumgeuza mama, na Brigita akamfuata hadi mlangoni akisema, "Siyo hivyo, upande huo unamuuma."

Februari 2025 Katarina aligundulika na saratani ya ini, ambayo madaktari walisema wazi haikutokana na kazi yake, tunaomba hilo lieleweke, akarudi Rhotia, na Brigita akamuuguza bila kumwachia mtu mwingine hata kijiko cha uji. Tarehe 28 Septemba alipelekwa hospitali Arusha, akafariki Alhamisi tarehe 9 Oktoba, saa tisa alasiri.

Saa kumi na moja jioni mwenzake wa kazi, Wilibrodi, alipiga simu kuomba wamuage ofisini. "Mmekuwa naye karibu miaka ishirini na saba," Brigita akamjibu, "kesho anakwenda moja kwa moja kwetu."

"Dada, hata sisi tumefiwa," Wilibrodi akasema, na Brigita akakata simu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Rhotia waliotuvunia mbaazi tulipokuwa hospitali, rafiki yetu Nashilu aliyeshuka na maziwa kutoka kijiji cha Nainokanoka huko milimani, na wafanyakazi wenzake, wale waliokubaliana naye na wale waliompinga, ambao wengi wao mnawaona hapa leo.

Asubuhi iliyofuata, tarehe 10, jeneza likiwa tayari garini, Brigita alimpigia Wilibrodi mwenyewe. "Waambie wenzako nawapa saa moja, isizidi, na kichwani kwake nasimama mimi," alisema, kisha akapanda mbele na kumwambia dereva aelekee ofisini.

Katarina, upumzike kwa utulivu.