Vidonge vya Macho

Mashua ya kuvukia Masalani ilikuwa katikati ya Mto Tana wakati Weris, msichana abiria, aliposikia Abdisamad, mzee mfugaji wa ngamia, akizungumza na mwanamke muuza maziwa ambaye mzee hakumjua.

"Nameza vidonge vya vitamini. Ugonjwa huu wa macho ni wa kurithi, baba ulimpofusha. Sasa naona mbele tu, pembeni giza."

"Adeer," mwanamke akamwita kwa heshima, kama ami yake, "kaka yangu mwenye ugonjwa huo huo alivimeza miaka sita, na ini la ngamia juu yake. Leo anashikwa mkono."

"Pengine bila vidonge angeshikwa mapema."

"Pengine. Au alikuwa anashiba tu." Weris akaficha kicheko ndani ya mtandio.

Mzee hakucheka. "Daktari hakuniahidi kitu. Ningekuwa watu wawili, mmoja ameze, mwenzake aache, tungejua. Lakini niko mmoja."

Weris alipenda vitendawili, akageuka kumtazama mzee.

Mashua ikagusa ukingo. Mwanamke akabeba mitungi yake, akateremkia pembeni, upande ule wa giza wa mzee. Mzee akaendelea kuuambia ubao mtupu alipokuwa ameketi mwanamke, "Na kaka yako, ile siku yake ya mwisho ya kuona, alijua ndiyo hiyo?"

Weris, badala ya kushuka, akaketi pale mbele yake, ambako mzee angemwona.