Geuza Picha Kwanza: Maisha ya Dk. Thelma Ackersley

Ndugu, majirani, na ninyi mliopitia mikononi mwake darasani, familia imemwomba Tamsin, binti wa kaka yake marehemu, awasomee historia hii, kwa sababu Rowan, mwanawe wa pekee, amesema sauti haitamtoka, na kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza isomwe na mtu anayekagua tarehe mara mbili. Zimekaguliwa mara tatu.

Dk. Thelma Ackersley alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1948, katika nyumba namba 16, Tenter Row, hapa Garthwick, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu wa mzee Wilfred Ackersley, fundi wa mashine katika kiwanda cha sufu, na mama Edna, aliyekuwa akipiga deki katika jumba la picha za kuchorwa la mji huu. Kwa ajili ya kazi hiyo ya mama yake, Thelma aliijua picha kubwa ya “Wafua Sufu” kabla hajajua kusoma, ile yenye wanawake watano waliosimama hadi magotini ndani ya birika la mkojo uliochacha, maana ndivyo sufu ilivyofuliwa enzi hizo, mikono yao imechubuka hadi nyama kuonekana. Alipoiona mara ya kwanza alishikwa na kichefuchefu, na mama yake akamwambia bila kuinua kichwa, “Tapika kwenye ndoo, siyo kwenye sakafu yangu.”

Alianza shule ya msingi ya Garthwick mwezi Septemba 1953, akajiunga na sekondari ya wasichana mwaka 1960, akaingia chuo kikuu mwaka 1967, akapata shahada ya kwanza ya historia ya sanaa mwaka 1970 na ya uzamivu mwaka 1975, na mwaka huohuo akaajiriwa na chuo hichohicho kufundisha uchoraji wa Uingereza wa karne ya kumi na tisa, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na minane, hadi idara ilipofungwa mwaka 2013 na masanduku ya slaidi zake yakatupwa jalalani, ambako aliyafuata mwenyewe kwa miguu yake, akiwa na miaka sitini na minne, akayatoa kwenye maganda ya viazi moja baada ya jingine.

Waliosoma kwake wanalikumbuka somo la kwanza, ambapo kila mmoja alikuta mezani picha ndogo iliyolazwa kifudifudi, na hakuruhusiwa kuona uso wake mpaka amalize kusoma mgongo, yaani mhuri wa duka lililouza kitambaa cha kuchorea, misumari, namba za chaki, na hata vumbi lilipolala. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuichungulia yake, akasema ni nzuri sana. “Hilo hata paka wako analiona, mwanangu,” Dokta alimjibu. “Mimi nimeuliza ni ya nani.”

Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa na Bwana Desmond Pyle, fundi wa kurekebisha sauti za piano, katika kanisa hili mlimokaa, na tarehe 2 Mei 1979 wakajaliwa Rowan, ambaye leo ni muuguzi. Bwana Desmond alitangulia tarehe 30 Novemba 2009.

Sasa tunafika mahali ambapo marehemu aliagiza pasirukwe, wala pasilainishwe.

Mwaka 1977 alipewa kazi ya kuandika katalogi rasmi ya jumba la picha la mji, na alipofika kwenye “Wafua Sufu” aliomba iteremshwe ukutani, naye Profesa Crispin Hallowby, mkuu wake, sasa marehemu, akamwambia, “Binti, dude lile lina uzito wa farasi. Unataka wanaume sita waliteremshe ili ukaangalie mbao?” Thelma akacheka pamoja naye, akanakili maelezo ya profesa, akaandika kwamba mchoraji ni Ambrose Tewdale, mwaka 1859, na katalogi ikachapwa mwaka 1978, picha namba 41, ukurasa wa 63. Katika karatasi aliyotuachia ameandika kwamba ameona mengi ya kutia kinyaa, ila hakuna lililomtia kinyaa kama kile kicheko chake mwenyewe.

Tarehe 6 Novemba 1996 paa la jumba lilivuja, picha ikateremshwa kwa lazima, na marehemu akaomba igeuzwe. Mgongoni palikuwa na mhuri uliofunikwa na masizi, akatia pamba mdomoni, akailowesha, akaanza kuusafisha kwa kuiviringisha taratibu, huku Bwana Julian Fenn, mkuu wa jumba, akikunja uso. “Dokta, hayo ni mate.”

“Ndiyo, ni mate. Mafundi wa picha wanayatumia kila siku, hakuna dawa laini kama hiyo. Kama mate yanakusumbua, usiulize hao kina mama wamesimama ndani ya nini.”

Mhuri ulionekana, ukiwa na anwani ya duka la London ambalo lilihamia mtaa huo mwaka 1866, wakati Ambrose Tewdale alizikwa tarehe 9 Machi 1861, na maiti haendi dukani kununua kitambaa. Februari 1997 kitukuu wa familia hiyo alimwonyesha daftari la michoro ya Keziah Tewdale, mjane wa Ambrose, kurasa ishirini za mikono iliyochubuka, vidole vilevile, kucha zilezile, na ikawa wazi kwamba Keziah aliendelea kuchora na kutia sahihi kwa jina la mumewe, kwa kuwa wanunuzi walilitaka hilo. Alipoingizwa nyumba ya maskini mwaka 1889, karani aliandika kwamba kazi yake ni kufua nguo.

Mei 1997 marehemu alichapisha makala ambayo neno lake la kwanza ni “Nilikosea”, akaipeleka kwa mkono wake jumbani, akaomba kibao kilicho chini ya picha kibadilishwe.

“Sisi tunafuata katalogi ya Dokta Ackersley,” Bwana Fenn alimwambia. “Ukurasa wa 63.”

“Ackersley si ndiye mimi? Nakwambia alikosea.”

“Katalogi ndiyo rasmi, Dokta. Halafu watu wameshalizoea jina lile.”

“Hata kikohozi kinazoeleka, Julian.”

Kibao hakikuguswa. Badala yake picha ikachapwa kwenye taulo za jikoni, kisha kwenye kasha la sabuni yenye harufu ya waridi, iliyoandikwa jina la Ambrose, na siku alipoiona dukani pale jumbani, marehemu aliinusa, akairudisha kwenye rafu, akasema, “Wamewatia marashi,” akaenda kunawa kwa maji matupu.

Tarehe 19 Septemba 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa nyumbani hadi tarehe 22 Januari 2024, alipohamia nyumba ya uangalizi wa wagonjwa. Jumamosi tarehe 10 Februari alimuuliza Tamsin kama kibao kimebadilishwa, naye Tamsin, aliyekuwa amepita jumbani asubuhi hiyo, alitamani sana kumdanganya, akashindwa. “Bado, shangazi.”

“Vizuri. Basi usome yote. Julian akiwepo, usimeze maneno.”

Alifariki kesho yake, Jumapili tarehe 11 Februari 2024, saa sita na dakika ishirini mchana. Hati ya kwanza ya kifo ilitaja saa saba, familia ikaeleza kosa, na katika muda usiozidi saa moja ikaandikwa upya, tukaombwa na radhi. Kibao cha Keziah kina karibu miaka ishirini na saba kikisubiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule aliyeiandika upya hati ile, jirani yetu Bi. Noreen Sugden aliyeleta supu ya njegere kila Alhamisi, na walimu wenzake na wanafunzi waliotoka mbali. Inamshukuru pia Bwana Julian Fenn, aliyekaa safu ya tatu, kwa shada la maua na kwa kadi ya rambirambi, ambayo ni postikadi ya “Wafua Sufu”. Tamsin aliigeuza kabla ya kuitazama, kama alivyofundishwa, akakuta imechapwa: Ambrose Tewdale, 1859. Kwa idhini ya Rowan, amelikata jina hilo kwa penseli, akaandika, Keziah Tewdale, baada ya 1866, na kadi hiyo sasa iko ndani ya jeneza, chini ya mikono ya shangazi, imelazwa kifudifudi ili mgongo usomeke.

Pumzika kwa amani, shangazi. Yako tumeigeuza, ile ya ukutani inamsubiri Bwana Fenn.