Jicho la Danford Machibya Kwenye Mizani ya Sapiwi

Wazazi wetu, majirani wa Sapiwi na ninyi mliotoka Somanda, mimi ni Klementina, dada wa marehemu, nimeombwa na familia niwasomee maisha yake, nami nawaomba mnisikilize hadi mwisho hata pale patakapouma.

Danford Machibya alizaliwa hapa Sapiwi tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa mzee Machibya na mama yetu Apolonia, katika nyumba isiyokuwa na ng'ombe, hivyo pamba yetu yote ilifika sokoni juu ya kichwa cha mama. Alisoma shule ya msingi hapahapa kuanzia 1967 hadi 1973, akawa karani wa chama cha ushirika mwaka 1978, na tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na Esteria Kasmiri, wakajaliwa watoto watatu, Mayige, Gloria na Benedikta.

Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, chama kilidhoofika, na msimu uliofuata Danford akaajiriwa na mnunuzi binafsi, kazi yake ikiwa kutamka, kwa jicho na vidole tu, kwamba mzigo huu ni safi, na huu ni fifi, wa bei ya chini. Manung'uniko yakaanza, Mayu Nyanjige, mama mjane wa hapa kijijini, akanitania mbele ya watu kwamba mdogo wangu ana jicho linalomwona mjane kabla halijaona pamba, nami nikaumia, nikaazimia kumsafisha.

Julai 1997 nilifanya kama ninavyowafundisha watoto darasani, kubadili kitu kimoja na kuacha vingine vilevile. Tulichanganya pamba ya Nyanjige ikawa rundo moja, tukaifunga katika mashuka yanayofanana, tukawa tunaipeleka siku mbalimbali. Nyanjige alipobeba kichwani aliambiwa fifi, lakini alipofika na mkokoteni wa ng'ombe wa jirani yetu Maganga aliambiwa safi, na Maganga mwenyewe, mwanamume mwenye wake wawili, alipojitwika mzigo kichwani aliambiwa fifi. Tulirudia asubuhi na jioni, jibu likawa lilelile. Jicho lile halikuwa na habari na wajane, lilikuwa linamtafuta asiye na ng'ombe.

Nilipomweleza, aliapa kwamba huangalia uchafu na unyevu tu, na naamini hakujijua, kisha akauliza taratibu kwamba mzigo wa mama angeuitaje. Aliacha kazi msimu uleule, lakini hakwenda kwa mtu kuomba radhi, akawa anapita nyuma ya nyumba asikutane na Nyanjige, na sisi ndugu zake tukanyamaza pamoja naye, jambo ambalo leo linatuinamisha vichwa.

Januari 1999 alianza kuvimba miguu, akaonekana ana ugonjwa wa figo, akafariki Jumatano tarehe 9 Juni 1999, alfajiri, akiwa ameagiza haya yasomwe mbele ya wale waliobeba kichwani, na asilazimishwe hata mmoja wao kumtupia udongo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliochimba kaburi, walimu wenzangu na makarani aliofanya nao kazi. Mayu Nyanjige umekuja, tunakuona umeketi na wenzako, ukinyanyuka kumtupia udongo tutashukuru, ukibaki umeketi hatutakulaumu.

Danford, mdogo wangu, pumzika, amani yako tunaiomba kwa Mungu, na kwa hawa waliobeba kichwani.