Jina Lako Likiitwa Gizani

Benchi la Mzee Sudi lilikuwa taruma moja la reli, limelazwa juu ya mawe mawili meusi ya takataka za shaba, kwenye kona ya Cité Albert, mtaa wa Waafrika. Mbele yake palikuwa na mbabula ya makaa, na juu ya mbabula birika la kahawa ya tangawizi. Hapo ndipo Élisabethville ilipotawaliwa kila jioni, hata kama wenye mji upande wa pili wa reli hawakuarifiwa. Gavana alikuwepo: ndiye Zéphirin, aliyewapikia wazungu supu miaka mingi hadi akaamini anajua wanachowaza. Radio alikuwepo: ndiye Jeannot mwashi, mtu ambaye habari ikimlalia tumboni bila kusimuliwa humtia kichefuchefu. Na Breki alikuwepo, yaani Symphorien, mfunga breki wa treni za mizigo za Sakania. Ilikuwa baridi ya mwezi wa saba, moshi wa kiwanda umeshuka na kulala juu ya mapaa, na ladha ya kiberiti ilikuwa kwenye kila ulimi. Symphorien alikunywa kahawa yake bila kujua kama ina sukari.

Nyumbani kwake, njia ile ile, binti yake Wivine alikuwa amelala na homa ya mapafu. Asubuhi walimpeleka dispansere, wakapanga mstari pamoja na Agnès, mke wa Jeannot, aliyekuwa na kifua hicho hicho. Muuguzi Godefroid, mgeni aliyeletwa juzi juzi kutoka kaskazini, aliwaambia chupa zimekwisha. Maboksi mapya yanakuja na treni ya mchana; warudi nyumbani, wasimweke mgonjwa kwenye baridi, dawa ikifika atakuja mwenyewe kumwita kila mtu kwa jina lake. Mchana ukapita. Jua likazama. Symphorien alipaswa kuwa kando ya mtoto, lakini kila pumzi ya Wivine ilikuwa kama msumeno kwenye ubao mbichi, na yeye hakuweza kuisikiliza. Aliogopa, ndiyo hivyo tu. Wanaume wakiogopa huenda kunywa kahawa.

— Baba Wivine, mutoto iko namna gani? Mzee Sudi aliuliza.

— Anapumua, Muzee.

— Alhamdulilahi. Kunywa.

— Na ile dawa, Gavana akasema, njo ile ulionaka Sakania?

— Njo ile. Ilikuwa chini ya turubai, ku stesheni. Bazungu ba kila luga balikuwa banaihesabu pamoja. Mumoja Mubeleji, mumoja Mwingereza ya Rodezia, bengine sikujua bao ni ba wapi. Hata maandishi ku boksi, luga mbalimbali.

— Na duane?

— Duane haikufungua. Balipiga saluti, maboksi ikapita.

Hapo ndipo mazungumzo yalipoharibika. Duane ya Sakania, yaani forodha ya mpakani, ilikuwa ikifungua kapu la kuku. Ilikuwa ikifungua chungu cha mjane na kuchovya kidole.

— Duane ya Sakania! Gavana alisema. Bale banafungulaka hata jeneza!

— Infirmier Godefroid anasema iko dawa ya mataifa, Symphorien akajibu. Kisha vita, nchi mingi balipatana. Mumoja anapika dawa, mungine anatoa chupa, mungine meli, mungine treni. Inakuya bure, ju ya batu ba nchi yenye haina dawa.

— Balipatana bale balikuwa banaangushiana bombe? Breki, miye nilipikia bazungu. Ku meza bawili hawawezi kupatana ju ya chumvi. Leo bapatane ju ya kifua ya Wivine?

— Pengine banaogopa Mungu, Sudi alisema.

— Muzee, mgeni siku mbili, siku ya tatu mupatie jembe.

— Sasa ile inaingilia wapi? Sudi akauliza.

— Inaingia tu. Utaona mbele.

Hapo Radio akaingilia. Aliweka kikombe chini.

— Mule haina dawa. Boksi inakuya butupu. Inakuya butupu ju irudie imejaa.

— Imejaa nini?

— Sauti.

Makaa yalipasuka kwenye mbabula, na Gavana akavuta miguu yake.

— Mutumbula akibeba mutu, Radio aliendelea, ule mutu hasemake tena. Ile tunajua bote. Banamupa unga ya sukari, ananona, anabakia kuguna tu. Bon. Mulishaka kujiuliza ile sauti inaendaka wapi? Kule kwabo vita ilimaliza batu. Manyumba iko kimya. Banahitaji sauti. Banaifunga mu chupa, ku mulango ya chupa banatia mupira. Na sauti ya bwana, banaita bibi. Na sauti ya papa, banaita mutoto. Anafungula mulango mwenyewe.

Mtumbula! Hakuna mtu wa Cité ambaye hakufundishwa habari zake pamoja na sala ya Baba Yetu. Ni watu wenye viatu vya mpira na taa, wanaotumwa kuwinda wenzao kwa ajili ya wazungu. Hawawezi kukuchukua mpaka wakuite, na wakikuita hawawezi kukushika mpaka uitike. Kwa hiyo sheria ni moja, na mama yake Symphorien alimfundisha kwa kofi: jina lako likiitwa gizani, na mdomo unaoliita huuoni, usiitike. Nyamaza. Zima taa.

— Lakini infirmier alisema atakuya kutuita, Symphorien alisema polepole. Kila mutu na jina yake.

— Alikuambia mbele ya kuya? Radio aliuliza.

— Alituambia bote. Hata bibi yako alisikia.

— Voilà. Voilà! Alishika majina asubuhi. Dalili ya mvua ni mawingu.

Methali hii ilikaa mahali pake, na kwa sababu hiyo ilitisha kuliko zote. Symphorien alitaka kucheka na hakuweza. Alijua kwamba Radio alisema kwa nguvu kiasi hicho kwa sababu naye alikuwa na mgonjwa ndani, na mwenye mgonjwa hupenda kuwa na wa kumlaumu. Alijua, na bado nywele zake zilisimama.

Ndipo Mzee Sudi akaacha kumimina, kikombe kikiwa nusu.

Mwishoni mwa njia palikuwa na taa. Ilikuwa nyeupe, moja, na ilikuja ikielea chini kidogo ya kifua cha mtu, bila hatua, bila kishindo. Ilikuja kimya, ikasimama, ikafifia, ikafa. Kwenye giza lile ikatoka sauti nzito, iliyozibwa, kama ya mtu anayesema ndani ya gunia:

— Symphorien! Baba ya Wivine!

Njia nzima ilisikia. Ungeona vibatari vikizimwa madirishani, nyumba baada ya nyumba, mpaka Cité ikawa nyeusi. Sudi aliifunika mbabula kwa karai. Vidole vya Radio vilikuwa vimeshika mkono wa Symphorien.

— Usiitike, Breki.

Taa ikawaka tena. Ikatembea. Ilipotembea hapakuwa na sauti. Iliposimama ilikufa, na hapo tu ndipo sauti ilipoita. Sasa ilikuwa mbele ya nyumba yake mwenyewe.

— Symphorien! Wivine! Mama ya Wivine!

Aliposikia jina la mtoto aliinuka nusu. Gavana akamvuta koti.

— Haraka haraka haina baraka.

— Kama ni infirmier?

— Kama ni infirmier, atarudia na jua. Mutumbula njo haina kesho.

Symphorien alikaa. Moyo wake ulikuwa ukimwambia ainuke, na miguu yake ikamtii Gavana. Kilichomtesa zaidi ni kwamba ile sauti haikuwa kali. Ilikuwa na upole, ilikuwa karibu kusihi, na hivyo ndivyo walivyoambiwa tangu utotoni kwamba Mtumbula huita.

Taa ikawaka, ikasogea, ikafa.

— Agnès! Bibi ya Jeannot! Agnès!

Radio aliuachia mkono wa Symphorien. Mahali fulani gizani mwanamke alikohoa, kisha kikohozi kikakatwa katikati.

Halafu taa ikawaka ikaja moja kwa moja kwenye kona. Hapakuwa na pa kukimbilia, au waliobaki benchini hawakukumbuka jinsi ya kukimbia. Ilikuja, ikakua, ikawapiga machoni, ikafa hapo hapo mbele ya benchi, na kitu kikaegemezwa kwenye ukuta. Sudi aliliinua karai, na mwanga mwekundu wa makaa ukaonyesha gurudumu la baiskeli. Kwenye gurudumu ilikuwepo dinamo ya taa, ile isiyotoa mwanga gurudumu likisimama. Nyuma ya kiti kulikuwa na boksi lililofungwa kamba. Mtu mwenyewe alivaa viatu vya mpira, na mdomoni alijifunga kitambaa kwa ajili ya moshi. Alikifungua. Alikuwa Godefroid.

— Bonsoir, bababa. Munipatie kahawa. Mikono inakufa na baridi.

Alikaa kwenye taruma bila kungoja kukaribishwa. Sudi alimpa kikombe. Godefroid alikinywa chote, akashusha pumzi.

— Treni ilichelewa. Hii dawa inavuka bahari, inapita mu nchi ya batu hawasikilizane luga, bote banaifungulia njia. Inafika hapa kwenu, nikaita kila mulango. Taa mu manyumba inawaka, nikiita, inazima. Muniambie, bababa, miye niko mugeni. Ju ya nini batu ba hii njia hawaitike?

Sudi alitazama ndani ya birika. Gavana, aliyejua wazungu wanachowaza, alifungua mdomo, akatafuta methali, akaufunga. Mahali pa Radio palikuwa patupu; alikuwa amechomoka gizani kwenda kwa mkewe. Ubao ulikuwa bado na joto lake.

Symphorien aliinuka.

— Miye njo Symphorien, alisema Symphorien.

Godefroid alimgeukia.

— Ulikuwa hapa?

— Nilikuwa hapa.

— Na ulinisikia?

— Nilikusikia.

Aibu ilimwingia hivi kwamba alitamani mtu amtukane. Godefroid hakumtukana. Alishika baiskeli.

— Twende.

Gurudumu lilipoanza kuzunguka, taa iliwaka dhaifu mbele yao, na Symphorien akaiona njia yake jinsi muuguzi alivyoiona: milango iliyofungwa, madirisha meusi, na nyuma ya kila dirisha mtu aliyeshika pumzi. Mlangoni kwake baiskeli ilisimama na taa ikafa.

— Edith! Iko miye.

Kimya.

— Edith, fungula! Iko miye, baba Wivine. Dawa inafika.

Hata panya hakusogea. Symphorien aliweka kiganja juu ya ubao wa mlango na akaelewa. Mke wake alikuwa upande wa pili, karibu kiasi cha kuguswa, naye alilelewa na mama mwenye kofi lile lile. Alikuwa akisikia sauti ya mume wake ikiita gizani, na mdomo haoni. Angesema nini cha kumfanya aamini? Angetaja siri gani ya kitandani ambayo mwenye kuiba sauti asingeiiba pia? Hakuwahi kuogopa kama alivyoogopa sauti yake mwenyewe usiku huo.

— Edith, aliita tena, na sauti ikavunjika.

Kisha ndani, nyembamba, kati ya pumzi na pumzi:

— Papa?

Mtoto alikuwa bado hajafundishwa.

— Iko miye, mama! Iko miye!

Kulikuwa na mshindo, kilio, na, mtoto akiwa ameitika bila kunyakuliwa, komeo likaanguka. Edith alisimama mlangoni na kitambaa mkononi, akimpapasa mumewe uso kama kipofu. Godefroid alipita kati yao, akawasha kibatari kwa kiberiti chake, akachemsha maji, akavuta dawa kwenye chupa. Sindano ilipoingia Wivine alilia, akalia kwa hasira, na Symphorien hakuwahi kusikia wimbo mtamu kuliko kilio kile.

— Mutamuleta asubuhi, tena na jioni, Godefroid alisema. Mumulalishe kichwa juu. Mungu akipenda atapona.

Edith alikuwa bado ameshika kile kitambaa.

— Infirmier alipoita mara ya kwanza, alimwambia mumewe kwa sauti ya chini, Wivine alitaka kuitika. Nilimufunga kinywa na hii.

Symphorien alimtazama mtoto, kifua kidogo kikipanda na kushuka. Alimchukulia Edith kitambaa kutoka mkononi, akakikunja, akakiweka mbali.

— Anabakia mumoja wa hii njia, Godefroid alisema akifunga boksi. Agnès, bibi ya Jeannot. Nikiita tena, atanyamaza tena.

— Weye usiite, Symphorien alijibu. Miye nitaita. Jeannot tunakunywa naye kahawa kila jioni. Sauti yangu anaijua sawa yake.

Walivuka njia. Kwa Jeannot, chini ya mlango, ulikuwepo ufito wa mwanga, na ndani mwanamke alikuwa akikohoa. Baiskeli ilisimama. Taa ikafa. Symphorien alikohoa kidogo kusafisha koo, akaita kwa sauti yake nzuri ya relini, ile wanayoitumia kuvukisha maneno juu ya mabehewa:

— Jeannot! We Radio! Fungula, iko miye Breki! Wivine alikwisha kupata dawa, mulete Agnès!

Ufito wa mwanga ukazimika. Kikohozi kikazibwa. Walisimama wakingoja, na nyuma ya ubao, karibu sana, wakamsikia Jeannot akimnong'oneza mkewe:

— Usiitike, mama. Breki balikwisha kumukamata.